D-Max imeanza kulia baada ya kufungwa stepu za pembeni. Kosa ni la stepu au la gari?

#1 MkulimaWaBahati (Nakuru)
Habari zenu wakuu. Nina pikapu ya Isuzu D-Max dabo kabini. Siku za kazi inashuka Bahati kwenda mjini, wikendi inapanda Subukia. Mwezi jana niliifungia stepu za pembeni, zile za bomba la inchi tatu zenye plastiki nyeusi ya kukanyagia. Sababu kubwa ni mama. Magoti yanamsumbua, na kumwona akining'inia mlangoni kila tukienda kliniki kulikuwa kunaniuma. Sasa anapanda mwenyewe, hilo nashukuru.

Shida ni hii. Gari likitoka lami kuingia murram, upande wa kushoto unalia kwii-kwii mfululizo. Nikikata kona huku gurudumu moja liko shimoni, kunapiga ta! moja ya nguvu, chini ya mlango wa nyuma hivi. Kwenye lami iliyonyooka kimya kabisa. Aliyenifungia anasema stepu zote hulia mpaka zizoee. Sikubali kwamba chuma huzoea. Aliyepitia haya anisaidie: chanzo kilikuwa nini?

#2 Wa_Kondele (Kisumu)
Bolti zimelegea, hakuna hadithi ndefu. Stepu mpya inakazwa siku ya kwanza, halafu mashimo yanaifanyia kazi. Ile rangi iliyobanwa kati ya brakiti (mkono wa chuma unaobeba stepu) na chasisi (fremu ya gari) inasagika, nafasi ndogo inapatikana, na bolti inapoteza mkazo. Lala chini na spana namba 17, kaza zote, gari litanyamaza.

#3 FundiShabab (Nakuru)
Wa_Kondele anaweza kuwa amepatia, lakini ukikaza kabla ya kuangalia unafuta ushahidi. Mkuu, chukua tochi upite bolti moja baada ya nyingine. Ukiona unga mwekundu wa kutu umezunguka washa (ile pete ya bati chini ya bolti) na bolti yenyewe ni mpya, ujue hapo vyuma viwili vinasugana. Bolti iliyokaa sawa haitoi ule unga.

Halafu unijibu: brakiti ni ngapi kila upande, na zimeshika wapi? Kwenye chasisi, kwenye bodi, au kote kuwili? Hilo la mwisho ndilo ninalotaka kujua zaidi.

#4 MamaOmena (Usenge)
Pole kaka. Yangu ni Hilux kabini moja, inabeba omena kupeleka Kisumu. Stepu zilipofungwa zikaanza kupiga mluzi nikifika kasi ya 80. Ilikuwa kifuniko cha plastiki cha mwisho wa bomba kimetoka, upepo ukawa unapita kwenye mdomo wa bomba. Nikanunua vifuniko vingine, nikavipaka gundi, mluzi ukaisha. Angalia kama vyako vinne viko vyote.

#5 DerevaMolo
Mama, yeye analia kwii wewe unamletea dawa ya mluzi 😄

Mimi nasema stepu hazina hatia. Gari la kubebea mizigo likifika umri fulani bushi (raba) za springi za nyuma zinakauka na kulia hivyo hivyo, hasa likitoka lami kwa sababu hapo ndipo springi zinaanza kujikunja. Ile ta! ya kwenye kona inaweza kuwa krosi (kiungo) ya propela, ile shafti inayozungusha magurudumu ya nyuma, au raba za kabini zimekufa. Kabla ya stepu ulikuwa huzisikilizi kelele za huko chini. Umelipa pesa, sasa masikio yako yote yako kwenye stepu.

#6 MkulimaWaBahati
Asanteni. FundiShabab, ni brakiti tatu kila upande. Kila moja ina bolti mbili kwenye ubavu wa chasisi, na brakiti ya katikati ina ulimi wa bati unaopanda hadi kwenye kizingiti cha mlango, umeshikwa huko na bolti ndogo ya namba 13. MamaOmena, vifuniko viko vyote. DerevaMolo, bushi za nyuma nilibadilisha mwaka jana na gari lilikuwa kimya. Kelele nilizisikia jioni ile ile niliyotoka kufunga stepu.

#7 FundiShabab
Huo ulimi ndio ninaoushuku.

Wengi hawajui kwamba kabini ya pikapu haijaunganishwa na chasisi chuma kwa chuma. Imekaa juu ya raba, kama sufuria juu ya mafiga, na kila raba imepitiwa na bolti yake. Gurudumu moja likiingia shimoni chasisi inajipinda kidogo, kabini inabaki nyuma, na raba zinakula ile tofauti. Ukimwambia mtu apite polepole juu ya tuta kwa upande mmoja, utauona mwachano kati ya kabini na boksi la nyuma ukifunga na kufungua. Sasa wewe umefunga stepu kwenye chasisi, halafu ukaishikisha kwenye kizingiti ambacho ni cha kabini. Vitu viwili vinavyotakiwa kusogea kila kimoja kivyake umevifunga pamoja. Lazima vilie. Na usipoondoa, baada ya muda bati la kizingiti litapasuka kwenye ile bolti ndogo.

#8 MwalimuKakamega
Fundi, hapo kuna jambo la kurekebisha. Si kila seti inayoshika bodi ni mbovu. Ziko zinazofungwa kwenye bodi peke yake, hasa za pikapu kubwa za Marekani, na kiwanda huacha matundu tayari chini ya kizingiti. Zile zinatembea pamoja na kabini bila shida. Ubaya uko kwenye kuchanganya viwili, hapo nakubaliana nawe.

Lakini mimi ningeanza na brakiti zenyewe. Tuchukue mtu wa kilo 70 anayekanyaga sentimita 35 nje ya ubavu wa chasisi. Hiyo ni nguvu ya kupinda ya karibu nyutoni mita 240. Wa kilo 90 anavuka 300, na akijirusha juu kwa haraka inazidi hapo. Wakati wa kupanda, brakiti iliyo karibu na mguu ndiyo inayobeba sehemu kubwa, zile nyingine mbili zinasaidia kidogo tu. Kama bati lake ni la milimita 3 na halina kipande cha pembetatu cha kulitia nguvu kwenye kona, linakunjika na kurudi kila mara. Hicho ndicho chanzo cha kwii.

#9 DerevaMolo
Mwalimu, hesabu safi, lakini mama yake hayuko juu ya stepu gari likiwa kwenye murram. Nani anaikunja wakati huo?

#10 MwalimuKakamega
Bomba lenyewe. Bomba la chuma la inchi tatu lenye ukuta wa milimita 2 lina karibu kilo 3.6 kwa kila mita. Zidisha kwa urefu wa dabo kabini, ongeza brakiti na matope, halafu litingishe kwenye barabara yenye makunyanzi. Linapanda na kushuka bila mtu yeyote kulikanyaga. Shika mwisho wa bomba kwa mkono ulisukume juu na chini. Likicheza, mjadala umeisha.

#11 Wa_Kondele
Haya yote dawa yake ni moja: peleka kwa wachomeleaji, brakiti zichomelewe moja kwa moja kwenye chasisi. Hakuna bolti ya kulegea wala washa ya kulia. Magari ya kubeba mchanga huku kwetu yamechomelewa na yanatembea.

#12 FundiShabab
Hapana, hapana, hapana. Mkuu wa Bahati, usimsikilize ndugu yetu kwa hili.

Chasisi ya pikapu ni boksi lililofungwa pande zote. Ndani yake kiwanda kimepaka dawa ya kuzuia kutu. Ukichomelea nje, ile dawa ya ndani inaungua pale pale, na huna njia ya kuingiza mkono kuipaka tena. Kutu inaanzia ndani usikokuona. Pili, pembeni ya chasisi mnapita mipaipu ya breki, ya mafuta na nyaya. Cheche moja mahali pabaya na gari linawaka. Tatu, mchomeleaji asipotoa terminali ya betri anaweza kuua kompyuta ya gari. Nne, ukigongwa ubavuni stepu ya bolti unaifungua ukabadilisha, ya kuchomelewa unaanza kukata chasisi na gurudumu la kusagia. Hata kutoboa tundu jipya kuna mahali pake: ukilazimika, toboa ubavu, usiguse sehemu ya juu wala ya chini ya chasisi, maana huko ndiko kuna mvutano mkubwa zaidi. Na kwa kawaida hulazimiki, kwa sababu seti iliyotengenezewa gari lako hutumia matundu ya kiwanda.

#13 Wa_Kondele
Sawa fundi, umenijibu vizuri kuhusu dawa ya ndani, hilo sikuwa nimelifikiria. Lakini kwa bolti kulegea bado sijatoka.

#14 MzeeKiamunyi (Nakuru)
Vijana, mnasahau kutu. Mimi ninaona stepu za watu wa Kisumu zinaoza haraka kuliko zetu, na ni kwa sababu ya chumvi ya ziwa. Bolti ikishaliwa na chumvi itakazwa vipi? Nunueni chuma kisichoshika kutu, na kabla ya kulipa mpitishe sumaku. Ikinasa, mmeuziwa uongo.

#15 ChumaHalisi (Kisumu)
Shikamoo mzee. Kwa heshima, nauza mabomba na hapo naomba kukusahihisha mara mbili.

Ziwa Victoria ni la maji matamu, halina chumvi ya kula chuma. Maziwa yenye magadi ni ya kwenu: Nakuru, Elementaita, Bogoria. Huku kwetu stepu zinaozeshwa na unyevu na matope yanayoingia ndani ya bomba yakakosa pa kutokea. Kila bomba linahitaji tundu dogo upande wa chini, kwenye ncha zote mbili, maji yatoke. Magari yanayokuja na kutu ya chumvi ni yale yaliyoishi Mombasa karibu na bahari, au yaliyotoka sehemu za Japani zenye theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi.

Na sumaku haitoshi. Chuma kisichoshika kutu kina madaraja yenye namba: cha 304 na cha 201 vyote kwa kawaida havinasi sumaku, lakini 201 ina nikeli kidogo na itaanza madoa mapema. Tena hata 304 halisi ikikunjwa, pale penye kona sumaku inaweza kunasa kidogo. Sumaku itakuonyesha chuma cha kawaida kilichopakwa kromu au ile 430, basi. Kwa mwenye bajeti ya kawaida, chuma cha kawaida kilichopakwa rangi ya unga vizuri, chenye matundu ya kutolea maji, kinamtosha.

#16 MzeeKiamunyi
Marahaba kijana. La ziwa nimelipokea. La sumaku nitalijaribu kwa macho yangu kwanza.

#17 MuhoroniMiwa
Hakuna aliyemuuliza kama stepu imewahi kugonga chini! Sisi huku barabara za mashamba ya miwa trekta zinachimba njia mbili, katikati na pembeni kunabaki matuta. Stepu imening'inia chini kuliko kizingiti, kwa hiyo ndiyo inayofika kwenye tuta mapema. Ya jirani yangu ilipigwa na jiwe, brakiti ikakunjika kwenda juu kiasi cha upana wa kidole, na kuanzia hapo bomba likawa linapiga kizingiti kila kabini inaposhuka. Sauti yake ilikuwa ta! hiyo hiyo.

Weka gari kwenye sakafu tambarare, upepo wa tairi ukiwa sawa. Pima kutoka sakafuni hadi chini ya bomba, mbele na nyuma, kushoto na kulia. Kushoto kukizidi kulia, umepata jibu.

Na jambo jingine ambalo watu huchanganya: stepu hizi ni za kukanyaga. Usithubutu kuweka jeki chini yake kuinua gari. Zile ngumu za kupandia mawe, zinazobeba uzito wa gari zima, ni kitu tofauti kabisa.

#18 MamaOmena
Nakubaliana na wa Muhoroni. Na wale vijana wa kupakia mizigo sokoni Kibuye wanaosimama watatu kwenye stepu moja gari likianza kuondoka, hao nao wanazikunja. Nimewakataza kabisa, na si kwa ajili ya chuma tu. Mtu akiteleza pale, tairi la nyuma liko karibu naye.

Mkulima, kwa mama: ile plastiki ikilowa inateleza sana. Mimi nilibandika ule utepe mkavu wenye mchanga wanaobandika kwenye ngazi za majengo. Na hakikisha ana mahali pa kushika ndani ya mlango. Mtu wa magoti anajivuta kwa mkono kuliko anavyojisukuma kwa mguu. Stepu bila kishikio ni nusu ya msaada.

#19 MkulimaWaBahati
MamaOmena, asante sana kwa hilo la utepe, nimeshalichukua.

Ripoti: leo nimelala chini ya gari na tochi. Kushoto, brakiti ya katikati ina ule unga mwekundu kwenye bolti moja ya chasisi, zile nyingine safi. Kwenye kizingiti, pale ulimi ulipobanwa, rangi imetoka na bati linang'aa, eneo la ukubwa wa shilingi moja. Nimefungua bolti ya ulimi kushoto peke yake, kulia nimeacha ilivyo, nikaingia murram ile ile. Kwii imepungua sana, karibu haipo. Ta! bado ipo, tena sasa naona inatoka nyuma zaidi. Nimesukuma bomba kwa mkono kama Mwalimu alivyosema: linacheza kidogo sana, pande zote sawa. Vipimo vya MuhoroniMiwa: kushoto kumezidi kulia kwa milimita 6.

#20 FundiShabab
Kwii tumeikamata. Fungua ulimi wa kulia pia, hata kama haulii. Pale rangi ilipotoka safisha, paka rangi ya kwanza ya kuzuia kutu halafu rangi ya gari, usiache wazi mvua zinakuja.

Ile bolti yenye unga usiikaze tu, itoe uitazame. Kichwani iandikwe 8.8, ndilo daraja la nguvu yake. Kama ni ya M10 (unene wa milimita 10), mkazo wake ni nyutoni mita 45 hadi 50 meno yakiwa makavu. Ukipaka grisi nguvu hiyo hiyo ya spana inaivuta bolti zaidi, kwa hiyo punguza. Ikiwa meno ya tundu la chasisi yana matope au rangi, pitisha tepu ya kukata meno kwanza. Bolti inayoingia kwa shida hukudanganya: spana inasoma mkazo lakini brakiti haijabanwa. Rudia kupima baada ya kilomita mia chache.

#21 Wa_Kondele
Bolti moja imelegea, nilisema kwenye #2! Naomba iandikwe.

#22 MwalimuKakamega
Imelegea kwa sababu ulimi ulikuwa unaivuta kila kabini ikisogea. Haikulegea yenyewe. Kwa hiyo ushindi ni wa #7.

#23 Wa_Kondele
Au ilikuwa imelegea tangu siku ya kwanza, ndiyo maana ulimi ukabeba kazi isiyokuwa yake. Huwezi kujua kipi kilitangulia.

#24 MuhoroniMiwa
Na milimita 6 je? Hiyo si kidogo. Brakiti ya nyuma kushoto imepigwa na kitu.

#25 FundiShabab
Milimita 6 inaweza kuwa springi tu. Dereva na tangi la mafuta havikai katikati, magari mengi huinama kidogo upande mmoja. Apime pia kutoka chini ya chasisi hadi chini ya bomba, kila upande. Kipimo hicho hakihusiani na springi wala tairi. Kikiwa sawa pande zote, brakiti hazijakunjika.

#26 DerevaMolo
Mmesahau swali langu. Ta! imebaki na imesogea nyuma, mbali na stepu. Mkulima, spea tairi yako inaning'inia chini ya boksi la nyuma kwa mnyororo, sivyo? Ukiishusha ukairudisha bila kuivuta mpaka ibane kabisa, kwenye kona ya shimo inajitupa na kupiga chasisi ta! moja, halafu kimya. Ulibadilisha tairi hivi karibuni? Na bado naomba uchunguze krosi: shika propela kwa mikono miwili gari likiwa limezimwa na magurudumu yamewekewa mawe, uizungushe huku na huku. Ikicheza, umeipata.

#27 MkulimaWaBahati
Fundi aliyenifungia alishusha spea tairi ili apate nafasi ya spana kwenye brakiti ya nyuma. Sijaiangalia tangu hapo.

#28 DerevaMolo
😄 Haya sasa.

#29 MwalimuKakamega
Msishangilie mapema. Brakiti ya nyuma iko karibu na pale pale, na ndiyo yenye bomba refu zaidi linaloning'inia nje ya mwisho wake. Akaze spea tairi peke yake kwanza, aendeshe, ndipo aguse brakiti. Akifanya vyote kwa siku moja tutabaki tunabishana hapa hadi Krismasi.

#30 MkulimaWaBahati
Sawa. Jumamosi naanza na spea tairi, halafu kipimo cha chasisi hadi bomba, halafu brakiti ya nyuma. Nitaleta majibu.

#31 KijanaWaWebuye
Naingilia kidogo wakuu. Nimeuziwa stepu za Hilux Vigo zilizotumika, bei nzuri, nataka kuzifunga kwenye D-Max. Zitaingia?

#32 FundiShabab
Bomba linaweza kutosha, brakiti hazitalingana na matundu ya chasisi. Usikubali mtu akutobolee matundu mapya kwa sababu bei ilikuwa nzuri. Tafuta brakiti za D-Max peke yake, halafu upime kama nafasi za bolti za bomba zinakutana nazo. Na uulize kama zina ulimi wa kwenda kwenye kizingiti.

#33 KijanaWaWebuye
Shukrani fundi. Zina ulimi, nimetoka kuangalia sasa hivi.